Miwani ya Karakana Yetu ni ya Wageni

Admin, nakuomba jina langu lisitokee, na shule pia usiitaje. Huku kwetu tunajuana, na mtu akifika mstari wa tatu atakuwa ameshaanza kukisia. Naandika kwa sababu nimechoka, ndugu zangu. Hata kulia nimeshindwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nimeolewa, nina watoto wawili, na ninafundisha ufundi wa kilimo katika shule moja ya upili upande wa Mkongani. Wanafunzi wangu hutengeneza wilbaro, vyombo vya kunyweshea ng'ombe na majembe ya kukokotwa, kwa hiyo karakana yetu ina mashine za kuchomelea na grainda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kulainishia chuma. Mwalimu mkuu wetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Mume wangu hamwiti dada, humwita mama.

Sasa sikieni. Mwaka juzi wafadhili walituletea vifaa vya usalama: miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi na aproni. Nilifurahi kama nimetunzwa mimi. Wifi akavipokea, akavipanga kwenye kabati la vioo ofisini mwake, akafunga, ufunguo akautia kwenye pochi. Nyinyi mliolelewa Pwani mnalijua kabati hilo, maana kwenu lipo. Ndani mna sahani za maua na vikombe ambavyo mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kuvinywea, vinangoja mgeni. Basi na miwani yetu ikawa hivyo hivyo. Wakija wafadhili au wakaguzi inatolewa, watoto wanavaa, wanapigwa picha. Wageni wakishapanda gari lao, inafutwa vumbi na kurudishwa kabatini.

Nimemwendea mara nyingi, kwa adabu zote. Naye hunijibu kwa upole, maana si mtu mbaya, Mungu ni shahidi.

"Wifi yangu, hawa watoto wakipewa, wiki haiishi itakuwa imekwaruzika yote. Wageni wakija tutawaonyesha nini? Watasema hatuthamini vitu tulivyopewa."

Akanishauri niwafundishe watoto kugeuza uso. Kugeuza uso! Ukigeuza uso utakuwa unasaga chuma au unasaga vidole vyako? Nilipojaribu kukataa kufundisha kwa vitendo, mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu kabla sijafika nyumbani, na chakula cha siku ile tulikila kimya. Nikasalimu amri. Nikawa nachora miwani ubaoni, chini yake naandika, "Vaa miwani kabla ya kuwasha mashine," wanafunzi wananakili, na kwenye mtihani wanapata maksi zote.

Wiki iliyopita likatokea nililokuwa nikiliogopa. Mwanafunzi wangu mmoja, nitamwita Mwanasha, binti mwenye mkono mwepesi kuliko wote darasani, alikuwa analainisha wilbaro tuliyokuwa tumeichomelea. Chenga ya chuma ikamwingia jicho la kulia. Hakupiga kelele. Alizima mashine kwanza, akaiweka chini vizuri kama nilivyomfundisha, ndipo akaliziba jicho kwa mtandio wake. Nilimkimbiza hospitalini, chenga ikatolewa, lakini daktari anasema hawezi kuahidi kama jicho litaona tena sawasawa.

Kesho yake wifi akaniita ofisini.

"Kutakuwa na mkutano wa wazazi Alhamisi," akaniambia. "Wewe ndiye mwalimu wa karakana, utasimama useme miwani ipo shuleni na mtoto hakuvaa. Si uongo, wifi. Si ipo?"

Na kweli ilikuwapo, nyuma ya mgongo wake, inang'aa. Nyumbani mume wangu akasema, "Ukimwaibisha mama umeniaibisha mimi. Sema hilo moja tu, yaishe."

Jana nilikwenda wodini kumwona Mwanasha. Nilikuwa nimeshajikaza, nimeamua kumwambia mama yake ukweli wote, liwalo na liwe. Mama huyo ni mkulima wa mihogo, mtu mzima kuliko mimi. Nikamwamkia shikamoo. Kabla sijakaa akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, tuwie radhi. Mwanangu ameniambia yote. Amesema mwalimu aliwafundisha wavae miwani, mpaka ubaoni uliwaandikia, na yeye hakuvaa. Mtoto asiposikia la mwalimu, aibu ni ya mamaye. Nisamehe, mwalimu wangu."

Nilimtazama Mwanasha. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki wazi, kisha akaangalia ukutani. Anajua miwani ilikuwa wapi. Darasa zima linajua. Mtoto yule amelala pale na bandeji usoni, ananisitiri mimi.

Na mimi nikajibu nini? Nilisema, "Haidhuru, mama." Haidhuru! Ndilo neno lililonitoka. Nikaweka machungwa niliyokuwa nimeyachukua, nikaondoka.

Nikisema ukweli, wifi ataondoka na aibu, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu, maana hata mwenye mtoto ameshaniomba radhi. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote, kwamba kunyamaza kumekuwa rahisi hivi.

Mkutano ni keshokutwa. Mama yake Mwanasha amenitumia ujumbe kwamba atakuja mapema akae mbele, anishukuru mbele ya wazazi wenzake kwa kumkimbiza mwanawe hospitalini. Nipeni shauri, ndugu zangu. Akishamaliza kunishukuru, nami nikaitwa nisimame, nimwambie nini mama yule?