Kwato Ndogo Kando ya Zizi

Msimu ule ngamia walipoingia katika ndengu za mama, karibu na Kyuso, majirani walimshauri asijisumbue kwenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo alikuwa Msomali, na mwenye ngamia alikuwa Msomali. "Utamshtaki mtu kwa nduguye?" jirani mmoja alimcheka. "Basi beba na chai, mama, wainywe pamoja."

Mama alikwenda, nami nikamsindikiza. Ndengu zile ndizo zilizokuwa tegemeo lake la mwaka mzima, na tangu utotoni alitufunza kwamba mtu hahukumiwi kabla hajatenda. Sisi wengine tuna ugonjwa wa zamani. Polisi wa kwetu tunatazamia atupendelee, wa kabila jingine tunatazamia atuonee. Afuataye sheria hatumtazamii kabisa, na akitokea hatumtambui.

Asubuhi iliyofuata afisa huyo mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, pamoja na mwenye ngamia. Alilikagua shamba polepole, ameinama, umati ukimfuata. Sehemu ya juu, alisema, imeliwa na ngamia, na mwenyewe atalipa. Kisha akaonyesha kipande cha chini, kando ya zizi la mama.

"Huku wamekula mbuzi."

Minong'ono ikaanza. Mtu akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika, kwamba sasa damu imesema. Wakamhimiza mama akatae. Angekataa, kijiji kizima kingekuwa shahidi wake, na afisa yule asingeaminika tena.

Mama alichutama, akazitazama alama zile ndogo za kwato, akainuka akijipangusa vumbi.

"Afande anasema kweli. Ni mbuzi wangu. Jumapili walivunja zizi nikiwa kanisani. Nilijua wametoka, sikujua walifika huku."

Afisa aliyaandika hayo daftarini. "Asante, mama," alisema. Mwenye ngamia akalipia sehemu ya juu bila ubishi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, yule jirani alimlaumu kwa kujipunguzia haki. Mama alimjibu kwamba haki yake ilikuwa sehemu ya juu, na ameipata.

Msimu uliofuata jirani huyo aliibiwa mbuzi. Kituoni alimkuta Mkamba mwenzake akiwa zamuni, akakataa kuandikisha malalamiko kwake. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, akimngoja yule Msomali. Nilipomsikia akiyasimulia hayo kanisani, tena kwa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyemgundua afisa yule, sikumsahihisha. Nilimtazama mama aliyeketi safu ya mbele, nikakaa wima zaidi.