Sabuni ya Maiti

Nilimchukia muuza duka yule kabla hajanikosea, na baadaye hakuniangusha. Duka lilikuwa la ushirika, Temeke, jirani na nyumba tuliyopanga chumba. Rafu zilijaa viberiti na majani ya chai, basi. Ukitaka kitu kingine unapanga foleni tangu alfajiri bila kujua foleni ni ya nini, ukifika mbele ndipo unaambiwa kimekwisha. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilimfuata mume, mtu wa Lindi aliyekuwa kuli bandarini, nikidhani nahama mji tu. Kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nikawa siwezi hata kwenda kwetu kununua chumvi.

Siku ya kwanza nilifika mbele nikasema kama tusemavyo kwetu, "Nipe mche wa sabuni." Yule bwana, kalamu sikioni, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Akasema, "Hamna." Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akalegeza sauti: "Ndugu, naomba sabuni." Naye hakupata. Lakini yeye aliambiwa, "Imekwisha, mama yangu, jaribu kesho," na akatabasamiwa. Walichoninyima mimi ni tabasamu tu, na bado kiliniuma.

Kwetu, aombaye dukani ni maskini wa Ijumaa, anayepita mlango hadi mlango na bakuli. Mwenye pesa yake husema nipe, na hakuna anayeona vibaya. Temeke ukisema nipe wewe ni jambazi. Nilisikia mmoja kwenye foleni akisema, "Nyang'au huyo wa Kenya, keshazoea kunyang'anya." Nikageuka nikamwambia kwamba huku hata cha kunyang'anya hakuna. Tangu hapo hakuna aliyenishikia nafasi nikitoka kidogo.

Sabuni yenyewe sikuitaka kwa ajili ya urembo. Mume wangu alikuwa anapakua saruji. Alirudi jioni mweupe kutoka nyusi hadi vidole vya miguu, na vumbi lile likikutana na jasho linachoma. Shingo na makwapa yalikuwa yamechubuka, yanatoa maji. Nilimsugua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, kama walivyonifundisha wapangaji wenzangu, naye akauma meno asitoe sauti. Majani yanatoa povu kidogo, lakini saruji haiogopi majani. Usiku alilala chali, mikono ameitenga na mwili.

"We sema tu naomba," aliniambia. "Huombi bure, ndo lugha ya huku."

"Nikiomba, atanipa?"

"Labda asikupe. Ila hatakukasirikia."

Nilimwambia kuwa mimi natafuta sabuni, sitafuti wa kunipenda. Akacheka, na kucheka kukamvuta ngozi ya shingo, akanyamaza. Nilikwenda tena na tena. Nipe. Hamna. Mara ya mwisho yule bwana hakungoja hata nifumbue mdomo, alitikisa kichwa kutoka mbali, na foleni nzima ikacheka.

Kesho yake asubuhi mume wangu akafa. Alikuwa na gunia begani, akateleza kwenye ubao wa kushukia meli, akaangukia kichwa. Mtu aliyebeba mizigo ya meli miaka yote ile aliondoka kwa kuteleza, kama mtoto aliyekanyaga ganda la embe. Chai aliyoacha kikombeni ilikuwa bado haijaingia nzi. Nilipoletewa habari sikulia, nilikasirika. Niliukasirikia ubao, saruji, na hata yeye mwenyewe kwa kuniacha katika nchi ya watu na mpaka umefungwa.

Wanaume wa nyumba ile wote walikwenda bandarini kumchukua. Sanda haikuwapo, na jua lilikuwa linapanda. Mama mwenye nyumba, mzee wa Masasi, akanishika mkono nilipojifunga kanga ya pili.

"Mfiwa haendi dukani, mwanangu. Kaa chini, ngoja wanaume."

"Mama, shikamoo, lakini niache," nikasema, nikatoka.

Habari ilikuwa imenitangulia. Foleni ilipasuka katikati, wakanipisha. Wale wale walionicheka jana sasa waliniambia pole, na pole zao nilizichukia kuliko kicheko. Nikasimama mbele ya yule bwana. Nilitaka kusema nipe, kwa ukaidi tu. Lakini nilimkumbuka mtu wangu amelala juu ya mbao huko bandarini, hana cha kufunikwa, na neno lao likatoka lenyewe.

"Naomba sanda."

Hakusema hamna. Alitoa kalamu sikioni, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na bafta nyeupe, akaipima kwa mkono na kuzidisha kidogo. Kisha akainama chini ya meza, akainuka na mche mzima wa sabuni, haujakatwa, akauweka juu ya kitambaa.

"Na hii ya kumwoshea," akasema kwa upole. "Pole sana, mama."

Niliitazama ile sabuni. Ilikuwa nzito, ya manjano, inatoka jasho kwa joto.

"Jana nilikuja," nikamwambia. "Ukanitikisia kichwa."

"Jana haikuwepo ya kuuza. Hii huwa tunaiweka ya maiti. Ya maiti haikosekani."

"Mume wangu ngozi ilikuwa inamtoka. Jana. Angeiogea jana."

Yule bwana akavuta gazeti. Akaifunga sabuni pamoja na bafta ndani yake, akanisogezea, na akanijibu kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya.

"Jana alikuwa mzima, mama."