Mpunga wa Dativa Ulipogeuka Njano

"Dada Dativa, hiyo simu unaiuliza au unaisujudia?"

Aliyeuliza ni jirani yake Eveline, alipomkuta ameinama juu ya simu ukingoni mwa jaruba. Dativa alitabasamu kidogo tu. Mpunga wake ulikuwa unageuka njano.

Mjane huyu, mzaliwa wa Mahenge, analima Kivukoni mwaka wa ishirini sasa. Zamani kila jambo lilikuwa na pa kuliulizia: mvua redioni, misa kwenye ubao wa parokia, basi la Kidatu kwa kondakta mwenyewe. Binti yake alipomnunulia simu kubwa, yote akayahamishia kwenye simu. Ikamwambia mpunga umekosa mbolea. Akatia mbolea, njano ikazidi.

Ndipo akatuma picha kwenye kundi la simu la jumuiya yake ya kanisa. Asubuhi ya pili wakaja watu tisa na rozari zao, kama waendavyo kwa mgonjwa. Walisali, kisha wakaingia jarubani, kila mmoja akachuma jani na kulifikicha.

"Hii ni kiu," alisema mzee Wendelin.

"Kiu kwenye maji yote haya, baba? Labda kiu yako," Eveline akamjibu.

Wakacheka, wakaahidi kurudi kesho yake kumalizia sala, wakaenda kupalilia kwao.

Alasiri Dativa, roho ikiwa bado juu, alimpelekea bwana shamba Evod mche mzima ndani ya mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huu. Simu iliniambia ni mbolea."

Evod aliugeuza mche, akauliza, "Nani ameushika mpunga wako?"

Dativa akamhesabia. Evod akaurudisha mche mfukoni, akaufunga.

"Ni kimyanga, mama. Hakina dawa. Ng'oa miche iliyougua, uifukie. Simu inajua kimyanga ni nini, ila shamba lako haijaliona. Na ugonjwa huu husafiri kwa mikono na majembe."

Mikono tisa, mashamba tisa, na yeye ndiye aliyewaita. Kesho wangerudi kumalizia sala. Atawazuiaje watu wanaokuja kumwombea? Lakini wakirudi, wataondoka na kimyanga tena.

Njia nzima alisali kimoyomoyo. Alipofika nyumbani alifungua lile lile kundi la jumuiya, maana hapo ndipo wote tisa wangemsikia kwa mara moja, akajirekodi:

"Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mpunga wangu una kimyanga, nanyi mliushika kwa kuwa niliwaita. Naomba mkague majaruba yenu leo hii. Kesho msije shambani kwangu. Niombeeni mkiwa majumbani."