Miguu Iliyopotea Nyumbani kwa Bi Soli

Mzee Waya hakupata kukiamini kitu kisicho na waya. Kwa miaka thelathini na moja alipanda nguzo za simu, na mtu aliyezoea kulishika tatizo kwa mkono huwezi kumwambia leo kwamba tatizo linapita hewani, akakubali kirahisi. Ndiyo maana siku mkewe, Bi Soli, alipotangaza mezani kwamba miguu inapotea ndani ya kompyuta, hakuuliza swali hata moja. Alichukua bisibisi akaenda kufungua ukuta.

Miguu yenyewe ilikuwa ya wateja. Bi Soli hushona viatu vya watu ambao viatu vya dukani vimewakataa: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kidole kilichompanda mwenzake, mwenye unyayo uliolala wote chini. Kazi hiyo aliianzia kwa mumewe. Mzee Waya alianguka kutoka kwenye nguzo akiwa bado kijana, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, ukabaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Daktari alimpa fimbo. Mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akishona mikoba tu, alimpa kiatu. Alikifumua na kukishona upya mara saba, na mara ya saba mzee akatembea mpaka kazini, fimbo akaiacha nyuma ya mlango. Hata leo ukikaa naye dakika kumi lazima akuhadithie kiatu hicho, na akimaliza humtazama mkewe kama waliooana jana. Bi Soli humwambia aache kuwachosha wageni.

Vipimo vya wateja vilikaa kwenye madaftari miaka nenda miaka rudi, mpaka mkamwana alipovihamishia kwenye kompyuta. Huyu ni mke wa mtoto wao wa pekee. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na baada ya mazishi kila mtu alitarajia kwamba angerudi kwao. Hakurudi. Alivaa aproni, akaingia karakana, na kila alipopata nafasi akawa anaingiza daftari moja baada ya jingine kwenye hifadhidata, yaani faili moja lenye wateja wote, kila mteja na mstari wake: jina, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, maelezo, siku ya kuchukua. Kazi hiyo ilimla miezi minane. Bi Soli hakumzuia, wala hakumshukuru. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliogopa kwamba akianza kuzungumza na mkamwana wake ataishia kumlilia marehemu, basi akazungumza naye habari za ngozi na gundi tu.

Faili lilikaa kwenye kompyuta kubwa ya koridoni, mali ya mzee, yenye mfumo endeshi wa bure ambao aliuweka mwenyewe kwa ubishi. Bi Soli alilifikia kutoka kwenye kompyuta kuukuu ya karakana, yenye mfumo wake. Mkamwana alilifikia kutoka kwenye laptopu yake chumbani, ambayo nayo ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Mzee alisema hao ni wake wenza watatu na sufuria moja, na akajiandaa kwa kelele.

Kelele zikaja kweli. Mistari aliyoandika mkamwana mchana, asubuhi ya pili Bi Soli haioni. Kuna mwalimu mmoja wa kike, mtu wa kusimama darasani kutwa, alipimwa upya, kipimo kikapotea, Bi Soli akashona kwa kile cha zamani. Mwalimu alirudi akichechemea, kisigino kimechubuka. Akasema, "Haidhuru, mama," kwa upole mkubwa, na upole ule ukamuumiza Bi Soli kuliko kama angetukanwa.

"Enzi za daftari," Bi Soli alisema mwalimu alipotoka, bila kumtazama mtu, "hakuna mguu hata mmoja uliopotea."

Ulimi hauna mfupa. Mkamwana aliendelea kupaka gundi mpaka soli ikamalizika. Kisha alimfuata mzee koridoni.

"Baba, dada yangu ameniitia kazi huko kwake, duka la dawa. Jumamosi nitaondoka."

"Kwa ajili ya neno la mama yako?"

"Mama hajakosea. Ninayeharibu ni mimi. Sijui nabonyeza nini, lakini ni mimi. Bora niondoke kabla sijawamalizia wateja."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mzee Waya alishamzika mtoto mmoja, na alimpenda huyu aliyebaki kama wa kumzaa mwenyewe. Nyumba ingekuwaje bila yeye, hakutaka hata kuwaza. Akapiga moyo konde: Jumamosi isifike kabla hajampata mwizi wa miguu.

Jumanne alibadilisha kebo zote. Jumatano alihamisha ruta kutoka mezani mpaka juu ya kabati, akairudisha mezani, kisha juu ya kabati tena. Alhamisi alipitia ruhusa za folda, nani asome na nani aandike, akazizima na kuziwasha zile kompyuta mara nyingi hata Bi Soli akamuuliza kama anazifundisha kuamka. Kila alipomaliza, faili lilifunguka vizuri saa moja au mbili. Halafu maneno yaleyale yanatokea: faili linatumiwa na mtu mwingine.

"Nani?" mzee aliiuliza skrini kwa hasira. "Tuko watatu humu ndani, na wawili wako jikoni!"

Ijumaa asubuhi, akiwa ameishiwa na vitu vya kufungua, alikumbuka maneno ya msimamizi wake wa zamani: ukiona waya ni mzima, shuka kwenye nguzo, ukawatazame watu wanavyozungumza. Akavuta kigoda, akakaa koridoni mahali anapoona karakana upande huu na chumba cha mkamwana upande ule. Mikononi alishika redio mbovu ili asiulizwe.

Saa mbili Bi Soli alifungua faili, akaandika vipimo vya mtu, akamaliza. Kisha akachukua kitambaa safi, akaifunika skrini kama afunikavyo chakula, akarudi kwenye ngozi zake. Faili hakulifunga. Mzee akageukia kompyuta yake kubwa. Pembeni mwa lile faili palikuwa na kijifaili kidogo, ndicho kufuli: faili likifunguliwa chenyewe hutokea, likifungwa hutoweka, na maadamu kipo, anayeandika ni mtu mmoja tu. Alikiangalia saa tatu, kipo. Saa nne, kipo.

Saa nne na nusu mkamwana naye akafungua kwake. Laptopu ikatoa swali, akalibonyeza haraka bila kulisoma, akaanza kuandika.

"Hebu toka, ufungue tena nione," mzee akasema, redio akaitupa pembeni.

Swali lilisema kwamba faili limetiwa kufuli na mtumiaji mwingine, na je, angependa kufungua nakala?

"Na wewe huwa unasema ndiyo?"

"Karibu kila siku, baba. Nilidhani nakala itajiunga na faili kubwa mama akitoka."

"Mbona humwambii mama yako alifunge?"

Mkamwana akashtuka. "Baba! Nimwambie mama atoke ili niingie mimi?"

Mzee akavuka kwenda karakana kwa mwendo ambao watu wa umri wake wameukoma.

"Mke wangu, ukimaliza mbona hulifungi faili?"

"Nilifunge na mwenzangu yuko ndani? Si nitamkatia?" Bi Soli akaweka mkasi chini. "Wewe mwenyewe si ndiye uliyetufundisha?"

Hapo mzee akakumbuka. Zamani, simu ya nyumba ilipokuwa imetundikwa kwenye ukuta wa koridoni, yeye, fundi wa simu, alibandika kadi juu yake yenye sheria mbili: usikate mwenzio akiwa hewani, na usimharakishe mkubwa aliye kwenye simu. Mtoto wake alikua na sheria hizo, akaoa nazo, akamfundisha mkewe. Simu ya ukutani iling'olewa, sheria zikabaki. Mmoja hakufunga kwa huruma, mwingine hakuomba kwa heshima, na kati ya huruma na heshima ile miguu ya watu ikaenda na maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Waya akakaa juu ya rundo la ngozi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwizi nimempata," akasema. "Ni mimi."

Sasa zikatafutwa nakala. Zilikuwa kwenye laptopu ya mkamwana, kwenye folda ambayo hakuna aliyejua kama ipo, sitini na mbili, jina moja, kila moja na nambari yake mkiani. Mzee na mkamwana walikaa bega kwa bega, wakahamisha mstari mmoja mmoja kwenye faili kubwa. Mguu wa mwalimu ulikuwa kwenye nakala ya arobaini na tisa. Kufikia saa kumi alasiri kila mguu ulikuwa umerudi nyumbani.

"Hakuna hata mmoja uliopotea," mzee akamwambia mkewe. "Mtoto hakuharibu kitu. Alikuwa anakuheshimu wewe."

Bi Soli alikuwa amesimama mlangoni, anakunja na kukunjua aproni.

"Haya, tujaribu sasa," mzee akaendelea. "Ukifunga, hufukuzi mtu, sawa? Andika mteja mpya, ufunge, yeye afungue kwake."

"Mteja gani? Leo hajaja mtu."

"Yeyote."

Bi Soli alimtazama mkamwana wake, akavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni.

"Kaa hapo. Vua ndala."

"Mama, miguu yangu haina tatizo."

"Nani kakuuliza tatizo?"

Akapiga magoti sakafuni, magoti yenyewe yakalia. Mkamwana akataka kuinuka, maana hakujua atauweka wapi uso wake huku mama mkwe yuko chini mbele yake, lakini mguu ulikuwa umeshakamatwa. Bi Soli alipima kisigino, akapima unyayo, akapima upana wa vidole. Alipima mara mbili kila kitu, na hakuwa mtu wa kupima mara mbili. Halafu akaenda kwenye kompyuta yake, akaandika kwa vidole viwili, polepole, akafunga faili.

"Kufuli limetoka!" mzee akapiga kelele kutoka koridoni.

Mkamwana akaenda chumbani kufungua. Hakuulizwa swali lolote. Mstari wa mwisho ulikuwa na majina yake yote matatu na vipimo vyake. Kwenye maelezo paliandikwa: Mwanangu. Nilimwonea. Viatu vya kusimamia kazi humu karakana. Siku ya kuchukua ilikuwa wiki sita mbele.

Alirudi na laptopu kifuani. "Mama, mimi naondoka kesho."

"Najua. Na kiatu changu hakiivi kabla ya wiki sita, hata anayetaka awe nani." Bi Soli alijaribu kuangalia ngozi zake, akashindwa. "Umeniandikia miguu elfu moja na mia nne, mimi sikusema hata ahsante. Ahsante, mwanangu. Nakuomba ukae. Sikuombi kwa ajili ya kompyuta."

Mkamwana aliketi palepale chini, kwenye vipande vya ngozi, akachukua simu akampigia dada yake.

"Dada," akasema, akijifuta macho kwa aproni, "usinisubiri. Mama ananishonea viatu."