Benchi la Besi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bendi kabla sijakabidhiwa darasa. Ilikuwa shule ya msingi mjini Biharamulo. Mwalimu Mkuu alikuwa amesikia kwamba chuoni nilijifunza kusoma noti, basi akanifungulia stoo na kunionyesha tarumbeta tatu, tromboni iliyopinda, filimbi kadhaa na ngoma kubwa.

"Ijumaa anakuja Mkaguzi," akasema. "Apokewe kwa muziki."

Nilichukua wimbo wa kwaya wa sauti nne, nikaugawa nilivyojua: soprano kwa filimbi, alto na teno kwa tarumbeta, na besi, ile sauti nzito inayobeba nyingine, kwa tromboni. Kwenye karatasi ulipendeza. Ulipopigwa, filimbi hazikusikika kabisa na tarumbeta zilifoka kama zimechokozwa. Mkaguzi alivumilia, maana alikuwa mtu aliyelelewa.

Aliyenifundisha kazi hii hasa ni Mzee Shomari, mpiga tarumbeta mstaafu wa jeshini. Watu wake walitoka pwani zamani wakafungua duka la nguo pale mjini. Nilimfuata dukani kesho yake, na filimbi na tarumbeta mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyezika filimbi jana?"

Alichukua filimbi, akapiga noti moja ya chini. Akachukua tarumbeta, akapiga noti ile ile.

"Noti ni moja?"

"Ni moja, Mzee."

"Na uzito?"

Akaviweka vyombo vyote viwili mezani. "Kila chombo kina sakafu yake na dari yake," akasema. "Hapa filimbi imefika sakafuni, inanong'ona. Tarumbeta bado iko sebuleni, inapiga soga. Usiandike noti kabla hujajua nani ataibeba."

Huko ndiko kupanga muziki, wanangu: kuamua ni nani apewe nini, na nani anyamaze. Nilijifunza kuzipumzisha tarumbeta ili zikirudi zitamaniwe. Nilijifunza kwamba mpiga tromboni naye ana mapafu. Mzee Shomari hakuwahi kunisifu hata mara moja, ila siku niliyopewa uhamisho wa kwenda Mabawe, wilayani Ngara, alifunga duka akanisindikiza hadi stendi.

Mabawe nilifundisha hesabu, na jioni Paroko akanikabidhi kwaya. Soprano walikuwa wengi, alto wa kutosha, teno wa kubahatisha. Benchi la besi lilikuwa tupu. Wanaume wenye sauti nzito walikuwa Rusumo wakipakua malori mpakani, wakirudi Krismasi na Pasaka, na kati ya sikukuu hizo mbili tuliimba kama nyumba isiyo na msingi.

Kwenye alto alikuwapo mama mmoja mjane, mkulima wa kahawa na maharage, jina lake Skolastika. Alto ilimbana. Kila mara sauti yake ilikuwa inateleza kwenda chini, wenzake wakimkonyeza. Jioni moja nikamwambia aache alto, aimbe besi. Aliimba. Noti ambazo kwa mwanamume ni za kawaida, kwake zilikuwa ndiyo sakafu yenyewe, zikatoka nzito, zina giza la joto kama jikoni asubuhi. Hakuna mwanamume ambaye angeweza kuziimba vile. Nilimkumbuka Mzee Shomari na filimbi yake.

Habari ilimfikia Paroko. "Mwalimu," akasema, "mwanamke hakai benchi la besi."

"Sawa, Padri."

Jumapili iliyofuata nililihamisha benchi la besi, nikaliunganisha na la alto. Mama Skolastika akakaa pale pale alipokaa siku zote, mwisho wa benchi la alto, akaimba besi. Paroko alilitazama lile benchi misa nzima.

"Wewe ni mkorofi," akaniambia kwenye sakristia.

"Ndiyo, Padri."

Hakulirudisha.

Basi nikamtungia wimbo wa matoleo ya mavuno. Ndizi, mtama na vikapu vya maharage vikishafika altareni, ngoma zinanyamaza, sauti tatu zinatulia, na besi inashuka ngazi kwa ngazi hadi noti moja ya mwisho. Hiyo ilikuwa sakafu ya Skolastika. Alipoifikia, hata wazee wa nyuma waliacha kukohoa. Nimesikia bendi nyingi na kwaya nyingi maishani mwangu, na sauti ninayoitamani mpaka leo ni ile.

Miguu ilipomshinda, bintiye alimchukua kwenda kuishi naye Bisibo. Wimbo ukalala. Nami nikastaafu, nikabaki hapa Mabawe na shamba langu.

Mwaka huu Deogratias, mwalimu kijana wa kwaya, aliziokota zile karatasi na kuniita nisikilize mazoezi. Siku hizi ana besi benchi zima, vijana wa bodaboda wenye vifua. Waliimba bila kosa. Walipofika kwenye noti ya mwisho, waliipita tu kama watu wanaopita barabarani.

"Mzee, noti hii kwa vijana haijafika chini," akasema kwa adabu. "Naomba ruhusa tuishushe. Ikibaki hivi, Jumapili ya mavuno nitachagua wimbo mwingine."

"Imba ulivyoandikwa au uache!" nikamfokea, nikaondoka. Njiani nilijua kwamba ana haki. Nikiishusha, mahali pa Skolastika panafutika. Nisipoishusha, wimbo wake unarudi kulala.

Nilikwenda Bisibo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akipukuchua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwarimu. Umezeeka!"

Nilimweleza. Akajaribu kuitoa ile noti, ikatoka pumzi tupu. Akacheka mpaka maharage yakamwagika.

"Shusha, Mwarimu. Unataka watu wavune kimya kwa ajiri yangu?"

Niliishusha, hadi sakafu ya wale vijana. Lakini noti yake ya zamani sikumpa mtu; pale nikaacha kimya cha pigo moja, kabla besi haijamalizia kushuka.

"Mzee, hapa kati pana pengo," Deogratias akasema alipoupitia. "Nimpe teno?"

"Usimpe mtu."

Akanitazama, akafunga karatasi. Jumapili ya mavuno kanisa lilitetemeka, na akina mama wenye vikapu walipiga vigelegele. Nilifurahi, na niliumia kwamba nimefurahi.

Deogratias alirekodi kwa simu, akanipeleka Bisibo kwa pikipiki yake. Mama Skolastika aliishika simu sikioni kwa mikono miwili. Besi iliposhuka ikafika kwenye lile pengo, aliinua kidole.

"Hapa ni pangu," akasema.

"Ni pako, Mama."

Nilingoja aimbe. Hakuimba. Alimrudishia Deogratias simu, akamwomba aanze tena mwanzo, na pale pale akainua kidole.

Ninyi mnaojifunza kazi hii sasa mna vinanda vya umeme vyenye sauti zote, na pengo lolote mnaweza kulijaza kwa kubonyeza. Jazeni, siwakatazi. Mimi Jumapili wimbo ukifika pale, bado nageuka kutazama mwisho wa benchi la alto.