Saruji Aliyomimina Baba

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuharibu saruji. Ninatengeneza vipande vidogo vyenye unene wa betri ya tochi, naviacha vigande, kisha naviloweka kwenye chombo cha chuma chenye maji na hewa ukaa iliyoshindiliwa kwa nguvu. Kuna watu wanaotaka kuisukuma hewa hiyo chini kabisa ardhini ikae huko, isiendelee kuipasha dunia joto, na kila kisima inamopita lazima kizibwe kwa saruji. Wanachotaka kujua kutoka kwetu maabara ni kimoja tu: saruji itashika?

Jibu linaudhi, kwa sababu mwanzoni saruji inazidi kuwa ngumu. Hewa ukaa ikiyeyuka majini inakuwa asidi hafifu, kama ile ya kwenye soda. Asidi hiyo ikikutana na chokaa ya saruji inaacha utando mweupe mgumu, na mtu mwenye haraka atasema kazi imekwisha, turudi nyumbani. Maji yakitulia, utando huo unaweza kweli kuilinda saruji miaka mingi. Lakini yakipata mwanya wa kupita kati ya saruji na bomba la kisima, hata mwembamba kama unywele, yanaendelea kuleta asidi mpya, utando unayeyuka, na kinachobaki unaweza kukikwaruza kwa ukucha. Kipande kikishaiva nakipasua na kukipulizia dawa. Saruji nzima inageuka rangi ya waridi, iliyoliwa haibadiliki. Nimeshapasua vipande vilivyobakiwa na waridi la ukubwa wa punje ya harage katikati, na siku hizo nilishindwa kula chakula cha mchana.

Nilishindwa kwa sababu ya baba. Kwetu ni milimani, kusini ya jiji, ambako gesi hiyo hiyo ya hewa ukaa inajitokea yenyewe ardhini. Watoto tunafundishwa mapema mabonde ya kutopita, maana ndege huokotwa humo wamekufa bila jeraha. Nilipokuwa mdogo walikuja watu kuchimba kisima cha kuitafuta gesi nyuma ya migomba yetu. Hawakuridhika nayo, wakaondoka, na baba, aliyekuwa fundi ujenzi, ndiye aliyeachiwa kazi ya kukiziba. Walimpa saruji ya kawaida ya kujengea nyumba, wakamwambia amimine mpaka juu. Akamimina mpaka juu.

Aliringia kazi ile maisha yake yote. Mgeni akija, kabla hajapewa chai anapelekwa nyuma ya migomba.

"Simenti yangu hiyo," baba anaipiga kwa kisigino. "Hata tetemeko litaiheshimu."

Hata baada ya kuanza kazi maabara niliendelea kucheka pamoja na wageni. Sikuwahi kumwambia ninachokiona kila nikipasua kipande. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa mwoga.

Alifariki mwaka juzi, kipindi cha mvua nyingi. Tulimzika mchana. Kwetu wanawake wa msiba wanalala sakafuni pamoja na mjane, na kulala kitandani wakati huo ni aibu. Chumba kilichotosha watu wote kilikuwa cha nyuma. Baba alikijenga kwa kuchimba mteremko, unashuka ngazi tatu kuingia, na ukuta wake wa mwisho uko karibu kabisa na kile kisima.

Tuliporudi kutoka makaburini wakaanza kutandika mikeka. Mama mmoja aliweka mshumaa sakafuni mbele ya picha ya baba. Ukazimika. Akauwasha, ukazimika tena, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa pazia.

"Huyo mwenyewe hataki mwanga," akasema, na wenzake wakacheka kile kicheko cha msibani.

Niliuwasha mshumaa ule nikauweka mezani. Ukawaka vizuri. Nikaushika, nikaushusha polepole. Ulipofika usawa wa goti langu mwali ulinywea ukafa. Nikarudia, ukafa palepale. Nilijua nimesimama ndani ya nini. Gesi ile ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa chumba kuanzia chini. Niliyaona yale maji kichwani mwangu, yanapita kando ya bomba mwaka baada ya mwaka, yakila kazi ya baba.

Nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: kisima kinavuja, humu mtu akilala hataamka. Lakini dirishani nilisikia wazee wakimsifu marehemu na nyumba alizowajengea, na mchungaji alikuwa ametoka kusema kaburini kwamba kazi ya mikono yake itasimama. Nikaona nikifungua mdomo nitakuwa namzika baba mara ya pili, siku hiyohiyo.

"Jamani, sakafu hii ina unyevu," nikasema. "Mtapata vichomi. Twendeni ukumbi wa kanisa."

Mama alikataa. Mjane anaihamaje nyumba ya mume wake siku ya kwanza? Nikamfokea mama yangu mbele ya waombolezaji, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sitalisahau. Walibeba mikeka yao wakinung'unika kwamba usomi umenipanda kichwani. Mkeka mmoja ulibaki. Niliuvuta mlango, ambao haukuwa na kufuli, na nikajiona nimefanya jambo la akili. Watu wote wazima, na jina la baba zima.

Shangazi, dada pekee wa baba, alikuwa ameolewa Mgololo, ambako mumewe alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu. Basi lake lilikwama njiani kwa mvua. Mumewe alibaki nyumbani kwa sababu ya maumivu ya miguu, shangazi akaja peke yake, akafika asubuhi ya pili wakati sisi sote tumekwenda kuweka maua kaburini. Alimkuta jirani mmoja anakoroga uji uani, akamuuliza wenzake wako wapi.

"Wamehamia kanisani, mama. Eti humo kuna unyevu."

"Unyevu? Kaka yangu kalala kwenye tope, mimi niogope unyevu?"

Jirani alinisimulia hayo baadaye, neno kwa neno, bila kujua ananisimulia nini. Shangazi alivua viatu, akashuka ngazi, akafunga mlango ili alie peke yake, akajilaza.

Tuliporudi niliona viatu. Nilibana pumzi, nikashuka, nikamshika makwapani nikamvuta mpaka nje. Mama alimpepea kwa khanga muda mrefu sana. Alikuwa bado ana joto. Watu wakasema ni presha, wakasema amemfuata kaka yake, hawa walipendana tangu wadogo. Mimi nikaitikia. Nilizunguka nikigawa chai na kuitikia.

Mama nilimleta kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwa kisingizio cha daktari wa macho, na kile chumba nikakigongelea mbao. Yeye pia anajua unyevu tu. Mara nyingi nikiwa kazini, nikishika kipande kilicholika, nasikia sauti ya shangazi ikiniuliza kwa upole mbona sikumwambia. Haigombi. Afadhali ingegomba.

Mwezi uliopita mume wa shangazi, ambaye tunamwita mjomba, alinipigia simu. Nilikuwa sokoni Mwanjelwa nachagua viazi. Alisema amepata nafuu ya miguu, anataka kuja kulala usiku mmoja pale mkewe alipolala, ndipo moyo wake utulie.

"Nitabeba na godoro langu, mwanangu. Usihangaike."

"Mjomba, usiingie mle," nikasema. Nikamweleza yote palepale kati ya magunia, kisima, saruji, mshumaa, huku muuza viazi akinitazama na mfuko mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uligundua lini?"

"Siku ya mazishi, mchana."

"Kwa hiyo kabla hajafika."

"Kabla, mjomba."

"Na wewe ukawaambia unyevu."

"Niliogopa watasema baba alifanya kazi mbovu."



"Baba yako angesema ukweli," akaniambia, na akakata simu.