Siku Madume ya Dokta Yalipozaa

Mpaka leo nikipita soko la Kindu, wale mama wanaouza samaki wananiita Mukunga wa Wanaume, na mimi naitika, maana aibu ile niliipika kwa mikono yangu mwenyewe na sina wa kumsukumia.

Nianze na Dokta. Wakati wa vita, siku tulipokuwa tunakimbia kufuata reli kuelekea Kibombo, kila mtu na sufuria zake kichwani, nilimwona mwanaume mwembamba mwenye miwani anasukuma baiskeli iliyofungwa dumu la maji, bidoni kama tunavyoliita, na kila baada ya hatua chache anasimama, anachomeka bua la jani la mpapai ndani ya bidoni na kupuliza. Mimi shule niliiacha mapema lakini maswali sijawahi kuyaacha, nikamsogelea.

"Yaya, kaka mkubwa, unapulizia nani?"

"Samaki," akasema. "Iko tisa. Kama uko na pumzi, saidia."

Nikalitupa godoro langu porini (mama hakunisamehe) na tukapokezana kupuliza mpaka Kibombo. Wale tilapia tisa ndio waliobaki katika kazi yake yote ya utafiti, na vita vilipokwisha akarudi nao Kindu akaanza upya. Mimi ni mtu wa kwenda na kurudi, nimechimba Kalima, nimepasua mbao Obokote, na kila nikirudi Dokta ananipa wavu bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Sasa, mvua za juzijuzi hizi zilifurisha mabwawa yetu, na ule ukoo wa Kibombo ukabaki jike mmoja tu, mwenye mkia uliopasuka, akiishi peke yake katika beseni kubwa nyuma ya nyumba. Bwawa lililobaki lilikuwa la jaribio, madume tupu, kwa sababu jike akiingia wanazaa bila kupumzika na maji yanajaa vitoto visivyokua. (Kuwatofautisha Dokta alinifundisha mwenyewe: unapaka wino wa bluu chini ya tumbo na kuhesabu matundu, dume mawili, jike matatu.) Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wameandika kwamba watakuja kuliona bwawa hilo, na wasiporidhika kituo chetu cha samaki kinafungwa.

Dokta akasafiri Kisangani mwezi mzima. Jirani yetu Mama Zaituni akaja.

"Mwanangu, namuoza Mwajuma keshokutwa, sina kitu cha kuoshea muchele. Ile beseni yenu iko na nini ndani?"

"Iko na samaki mmoja, mama."

"Beseni yote ile ya mutu mmoja?"

Nikaona ana haki. Nikamtia yule jike katika bwawa la madume, kwa siku mbili tu, na pilau nikala sahani tatu.

Siku ya tatu nikaingia na wavu mdogo, maji ya kijani, samaki wananipita miguuni kama wanacheza, yeye simpati, na wavu mkubwa Dokta alikuwa ameukataza mpaka siku ya wageni. Basi aliporudi, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na begi bado begani, nikasema neno lililokuwa karibu: "Alikufa, Dokta." Hakunigombeza. Alikaa kando ya lile beseni mpaka chai yake ikapoa, kisha akaandika katika daftari. Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake, vitoto vilipoanza kuelea pembeni mwa bwawa nikamwambia ni vya chura (miwani yake ilikuwa imefungwa kwa plasta, Mungu anisamehe).

Wageni wakafika na Madamu Mkurugenzi mbele, kitenge kipya, viatu vyeupe, na mama wa soko ukingoni wakingoja samaki.

"Madamu," Dokta akasema, "ndani ya maji haya hakuna hata mwanamuke mmoja."

Wavu ukavutwa, na kitu cha kwanza kuona ni ule mkia uliopasuka. Nikamrukia nimfiche ndooni, nikateleza, nikakaa chini kwenye tope nimemkumbatia kifuani.

"Huyo mukubwa," Madamu akasema, "nipe nimushike wanipige picha."

"Hapana, Madamu, dume huyu iko mukali."

"Niko ndani ya ndoa miaka makumi mbili. Wanaume wakali nimewazoea."

Nikampa. Jike wa tilapia hulelea watoto kinywani, na hilo mimi sikulifikiria. Akafungua kinywa, akawamwaga wote kiganjani mwa Madamu, wengine wakaangukia viatu.

"Dokta," Madamu akasema polepole, "mwanaume wako ametapika watoto."

Mama wa soko wakaangua kicheko, na palepale nikapewa jina. Na Mama Zaituni, kwa moyo mweupe kabisa, akaita kutoka ukingoni: "Kumbe si njo ule samaki wa beseni? Mwanangu, tangu ndoa ya Mwajuma hukumutoa?"

Dokta akaingia majini na viatu vyake. Akampokea samaki mikononi mwa Madamu, akaupitisha mkia ule katikati ya vidole.

"Ulisema alikufa."

"Nilisema, Dokta."

"Mie nililia."

Akaagiza beseni, akamweka humo kwanza, ndipo akamgeukia Madamu. "Jaribio limeharibika, na kosa limetoka nyumbani mwangu. Lakini wazee wa samaki huyu walivuka vita ndani ya bidoni, na mujinga huyu aliwapulizia njia yote."

Madamu akaniangalia, tope mpaka masikioni. Akaandika.

"Murudie tangu mwanzo. Kisha miezi sita nitakuja, na matundu nitahesabu mwenyewe."

Jioni Dokta akafungua daftari mahali alipoandika "Jike wa mwisho wa Kibombo amekufa", akanipa kalamu. Chini yake nikaandika, herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo: "Hapana. Iko."

Niliapa siku ile kwamba sitamuua tena kiumbe kwa mdomo. Juma lililopita Mama Zaituni alikuja tena, anamuoza binti wa pili. Nikafungua kinywa kusema beseni imekufa, nikamwona Dokta ameinua miwani ananiangalia.

"Iko, mama," nikasema. "Lakini iko na mutu ndani."